Cheni Iliyorefuka Haifupishwi kwa Rodi

Juzi, kwenye kikao cha makandarasi, mzee mmoja mwenye mabuldoza alisimama na kutangaza kwamba spea za chini ya buldoza, yaani cheni na sehemu zinazoibeba, ni biashara ya kuwanyonya wanyonge. "Chuma ni chuma," alisema. "Fundi wangu anamaliza kazi kwa pakiti mbili za rodi za kuchomelea." Ukumbi ukampigia makofi. Makofi hayo yalinikera kuliko kauli yenyewe, maana waliopiga ni wenye mashine.

Meno ya sproketi, gurudumu linaloizungusha cheni, yakichongoka, tajiri huyaona meno. Fundi anaitwa, anajaza, anapiga grenda, meno yanang'aa. Lakini ugonjwa hauko kwenye meno. Uko ndani ya maungio ya cheni, pale pini inapozunguka kwenye bushi, jicho lisikofika. Pini na bushi zikilana, cheni hurefuka. Kila ungio likilegea milimita 3 tu, cheni yenye maungio 40 imeongezeka sentimita 12. Bushi hazitui tena kwenye shina la jino. Zinapanda kuelekea ncha, na ndiyo maana ncha inachongoka. Ukiyarudishia meno umbo la kiwandani, umeyatengeneza kwa ajili ya cheni mpya. Yako si mpya. Itayatafuna tena.

Watetezi wa rodi wakibanwa hapo wana jibu: "Tunatoa kiungo kimoja, cheni inakaza." Jamani! Umepunguza idadi ya viungo. Umbali wa pini hadi pini uko palepale. Huko ni kukata pindo la suruali ili ibane kiunoni.

Halafu kuna joto, kwa wanaochomelea hata bushi zenyewe. Ngozi ya bushi hugumishwa kiwandani kwa kupashwa moto na kupozwa ghafla. Chuma huyeyuka karibu nyuzi 1500 za Selsiasi. Laza moto huo juu ya bushi, ugumu unaharibika kando ya mshono na nyufa zinapata pa kuanzia. Rodi zenyewe zimekaa kwenye boksi wazi tangu masika, zimekunywa unyevu. Wengine wanachomelea rola ikiwa bado kwenye mashine! Sili zake za mpira zinaungua, oili inavuja, rola inakwama na kulika upande mmoja. Hayo nayo wanayaita matengenezo.

Na bushi zinakwisha mapema kwa nini? Dereva anarudi nyuma kwa kasi kutwa nzima, cheni imekazwa kupita kiasi, na tajiri yuko bize kuhesabu vidumu vya dizeli asiibiwe. Kwa dizeli ana macho ya mwewe. Kuinama atazame cheni inayomla pesa zaidi, mgongo unamuuma.

Ndiyo, mbavu za viatu vya cheni zikilika, chomelea. Mbavu zinakutana na udongo, hazikutani na jino. Cheni ina dawa yake: geuza pini na bushi nusu duara, upande usiolika ukutane na sproketi, na umbali unarudi. Kazi hiyo hufanywa kwa presi, tena mapema, kabla bushi haijatoboka. Mwenye kungoja mpaka meno yachongoke amechelewa, na hakuna rodi itakayomwokoa.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla ya pakiti ya tatu, nunua futi. Kaza cheni, pima umbali wa viungo vinne, linganisha na namba iliyo kwenye kitabu cha mashine. Ukikuta imerefuka, njoo kikao kijacho utuambie ni rodi ipi inayofupisha chuma. Nami nitapiga makofi.