Mwanafunzi Mtafiti na Haki ya Kusimamiwa



Mwanafunzi wa sekondari hapa Ujiji akitakiwa kubuni mradi wa sayansi, macho yake huelekea ziwani: konokono wa kichocho, maji ya kunywa, dagaa wanaoanikwa mchangani. Maswali hayo ni mema, nasi twafurahi yanapoulizwa na watoto wetu wenyewe. Ila twauliza: nani anawasimamia?

Kimelea cha kichocho hutoka kwa konokono, huogelea majini na kupenya ngozi hata isiyo na jeraha. Mtoto anayeokota konokono huku maji yakimfika magotini aweza kuyapata maradhi yale yale aliyokwenda kuyachunguza. Na akikusanya choo cha majirani ili akipime, amegusa siri na afya za watu. Hapo pana haja ya ridhaa yao, na ya mtaalamu.

ISEF, mashindano ya kimataifa ya sayansi kwa wanafunzi yafanyikayo Marekani, yana kanuni juu ya hilo. Mradi unaohusu vimelea vya hatari hauanzi kabla jopo la wakaguzi halijaupitisha mpango wake, na kuotesha bakteria nyumbani kumekatazwa. Saini ya mwisho haishiki nafasi ya usimamizi wa mwanzo.

Wala kusimamiwa si kudharauliwa. Marehemu Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, akiwa na miaka 26, wakoloni hawakumruhusu kukaa porini peke yake. Alifuatana na mama yake. Na ingawa alikwisha kuwaona sokwe wakitengeneza zana, alikwenda Cambridge kusoma chini ya msimamizi, Robert Hinde, hadi akapata shahada ya uzamivu.

Kwetu wataalamu wapo. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, ina kituo Kigoma, na Hospitali ya Maweni ina watu wa maabara. Basi mzazi afike shuleni kabla ya mradi kuanza, aulize: mtaalamu ni nani, ameusoma mpango lini, na siku ya kuingia majini atakuwepo nani? Pasipo jibu, mtoto asiache sayansi, abadili swali: alinganishe, kwa mfano, dagaa wa mchangani na wa kwenye kichanja, wapi hukauka upesi.

Elimu ni amana, na mtoto ni amana. Tusiipoteze moja kwa kuitafuta nyingine.