Kamera Imekufa, Lenzi Ingali Hai

Limezuka neno miongoni mwa wapiga picha wetu wa kujifurahisha, nalo husemwa kwa yakini ile ile ya watu wanaotangaza msiba: "DSLR imekufa." Mtu ambaye kamera yake ya miaka kumi na mitano imegoma, shata haifunguki au kihisi mwanga kimejaa madoa, akienda kuomba shauri hupewa sentensi hiyo kwanza, kisha huonyeshwa kamera mpya isiyo na kioo, kisha hutajiwa bei. Bei ndiyo inayomfunga mdomo. Hurudi nyumbani akaiweka maiti yake kabatini pamoja na lenzi zote, na tangu siku hiyo hapigi picha ila kwa simu, akingoja fedha ambazo ada na karo na dawa zitazila kabla hazijakusanyika. Shauri hili ni baya, na ubaya wake haumdhuru yeye peke yake.

Tuanze na lile lililo kweli ndani yake. Mwaka 2018 Nikon na Canon walitoa mifumo yao mipya isiyo na kile kioo cha ndani kinachoinuka tunapobonyeza, na Desemba 2021 mkuu wa Canon, Fujio Mitarai, aliliambia gazeti la Yomiuri Shimbun la Japani kwamba EOS-1D X Mark III ndiyo ingekuwa ya mwisho katika daraja lake. Pentax walikwenda kinyume na upepo wakatoa K-3 Mark III mwaka huo huo wa 2021, lakini mkondo wa soko unaonekana na sina haja ya kuubishia. Ninachokikataa ni ile hatua ya pili ya hoja, kwamba chombo ambacho kiwanda kimeacha kukibuni kimekwisha kazi. Majahazi hayakuacha kuelea siku meli za moshi zilipotia nanga Unguja.

Washauri wetu hupenda kulinganisha kamera kwa megapikseli, kana kwamba utenzi hupimwa kwa wingi wa beti zake. Haya na tuhesabu. Nikon D40 ya mwaka 2006 ilikuwa na megapikseli 6, yaani nukta 3,008 kwa 2,000. Ukiichapa picha yake kwa nukta 300 kila inchi, utapata upana wa inchi 10, ambao unajaza ukurasa wa jarida na kubakisha. Kamera ya megapikseli 24, yenye nukta 6,000 kwa 4,000, itakupa inchi 20. Idadi imepanda mara nne, na upana mara mbili tu. Ni wangapi kati yetu waliowahi kuchapa picha ya inchi 20 wakaitundika ukutani?

Sasa tazama hesabu ya upande wa pili, ambayo wauzaji hawaipendi. Ile lenzi ya 18–55 inayofungwa pamoja na kamera, ukiivuta hadi mwisho wake, kwa kawaida tundu lake halifunguki kupita f/5.6. Lenzi ya milimita 50 ya f/1.8, ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei ya chini kabisa, hupitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Mara kumi! Aliyewahi kupiga picha katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo jua huishia juu ya mapaa na kuuacha mlango wa nakshi kivulini, anajua thamani ya tarakimu hiyo. Anaijua pia aliyeketi pembezoni mwa ukumbi wa taarabu usiku: pale palipohitaji sehemu moja ya kumi ya sekunde, sasa sehemu moja ya mia inatosha, na mkono wa mpiga fidla unaganda juu ya nyuzi badala ya kuwa wingu. Hakuna megapikseli zinazoweza kuufanyia mkono huo hisani kama hiyo.

Kwa hivyo mwenye kutafuta kamera badala ya iliyokufa aulize kwanza ana lenzi zipi, kwa kuwa bodi ni mgeni na lenzi ndiye mwenye nyumba. Mlango wa lenzi za Nikon ulianza mwaka 1959, na ule wa EF wa Canon mwaka 1987. Mwenye lenzi za EF ana wepesi, maana kila DSLR ya EOS inazipokea. Mwenye Nikon ana kitendawili. Lenzi za zamani za aina ya AF-D hazina mota ndani yake, hutegemea mota ya bodi. Na bodi za D40, za D3000 na ndugu zake, na za D5000 na ndugu zake, hazina mota hiyo. D750 ya mwaka 2014 na D7200 ya mwaka 2015 zinayo. Na kile kiunganishi cha Nikon cha kuvalishia lenzi hizo kamera mpya za Z? Hakina. Lenzi ya mzee wako, inayolenga yenyewe ikiwa juu ya D7200, ukiipandisha juu ya kamera ya bei kubwa zaidi utaizungusha kwa mkono. Sijamsikia muuza duka analitaja hili kabla ya kupokea fedha.

La betri nitalipitia mbio. D7200 imekadiriwa na waliyoiunda picha 1,110 kwa betri moja, na Z50 ya mwaka 2019 takriban 300. Sisi tuliokaa gizani Unguja kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 hatuhitaji mwalimu wa somo hilo.

Kununua mtumba si aibu, bali kuna adabu yake. Uliza shata imebonyezwa mara ngapi: ile ya D7200 imejaribiwa kiwandani kwa mibonyezo 150,000, basi yenye 30,000 bado ni kijana. Kisha washa tochi uipenyeze ndani ya lenzi. Ukiona nyuzi mithili ya utando wa buibui, hiyo ni kuvu, nayo huutafuna utando wa kioo usirudi tena. Irudishe kwa mwenyewe na salamu zake. Unyevu wetu wa masika ni adui mkubwa wa lenzi kuliko miaka. Achana na mkoba wa ngozi, tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, utie vifuko vya kukausha unyevu.

Watanijibu kwamba kamera mpya hulenga jicho la mtu penyewe, hazina kelele, na humwonyesha mpiga picha mwanga utakavyokuwa kabla hajabonyeza. Ni kweli yote matatu. Anayekula kwa harusi na azinunue, zitamlipa. Lakini mpenzi wa picha halipwi kwa wingi, na mwenye kushika mizani kumi na sita kila mshororo hatashangaa nikisema kwamba kizuizi kina kazi yake: lenzi moja isiyovutika humlazimisha mtu atembee, ainame, asubiri mtoto apite.

Na kusubiri fedha kuna gharama. Mji huu tunaujua ulivyokuwa kwa sababu Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mwaka 1930 akapiga picha kwa vyombo vya zama zake, na kabla yake walikuwapo kina A. C. Gomes. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka mchana kweupe na kuua watu. Anayetaka leo kujua roshani ile ilivyosimama huenda kwenye picha, na nyingi ni za watu wasiolipwa, waliopita wakasimama wakabonyeza. Kuta nyingine zimeanza kufanya nyufa. Nawauliza walioambiwa wangoje: tangu kamera yenu igome, mmepiga picha ngapi za mtaa wenu?