Ripoti inayoamua ulale kwako au jela: Mbona vijana wa mjini huumia?

Chukua mfano wa kijana wa miaka 22 anayeishi Kayole, Nairobi. Ameshtakiwa kuiba simu, amefikishwa kortini na amekubali mashtaka. Anangoja kuambiwa ni miezi mingapi. Badala yake hakimu anaagiza ripoti ya afisa wa urekebishaji tabia iletwe baada ya wiki mbili. Kijana anarudishwa rumande bila kuelewa kilichotokea.

Siku chache baadaye anaitwa kando. Anakuta mtu aliyevaa nguo za kawaida, ana faili na kalamu. "Ulizaliwa wapi? Mama anafanya kazi gani? Landilodi wako ni nani? Nani anaweza kutueleza kukuhusu?"

Jamaa anadhani ni polisi, kwa hivyo anajibu kwa mkato. Landilodi hamjui, maana kodi humtumia keateka kwa simu. Mama yuko ushago na hataki aambiwe kabisa. Nambari ya kaka yake anasema ameisahau. Mahojiano yanaisha haraka, naye anarudi seli akijipongeza kwamba hajamchoma mtu.

Huo ni mfano tu, lakini hali yenyewe si ngeni kwa aliyewahi kukaa kwenye benchi za korti zetu za mjini. Na ni hapo kijana wengi hujifungia mlango wa kurudi nyumbani.

Afisa huyo si polisi wala si kiongozi wa mashtaka. Kazi yake si kuthibitisha kama uliiba, kwa sababu kufikia hapo korti imeshakupata na hatia. Anachotafuta ni wewe ni nani: ulisoma wapi, unakula kutokana na nini, unatumia mihadarati au la, una watoto, uliwahi kufungwa, kosa lilitokea vipi na sasa unalionaje. Kisha anatoka nje kuhakikisha. Anaenda kwa familia, kwa chifu au naibu wake, kwa mwajiri kama yupo, na kwa mwathiriwa, ambaye pia ana haki ya kusema alivyoumia. Mwishoni anamwandikia hakimu mapendekezo.

Mapendekezo hayo yana uzito. Chini ya Sheria ya Urekebishaji Tabia, korti inaweza kukuweka chini ya uangalizi wa afisa kwa muda wa kati ya miezi 6 na miaka 3, ukiwa unaishi kwako. Nayo Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998 inaruhusu aliyefanya kosa ambalo adhabu yake haizidi miaka 3 jela, au ambalo korti inaona linastahili miaka 3 au chini, afanye kazi ya umma bila malipo: kufagia soko, kupanda miche, kukarabati shule. Wizi wa kawaida una adhabu ya hadi miaka 3. Kwa hivyo kijana wetu wa Kayole angeweza kabisa kurudi kwake jioni hiyo.

Hata kesi nzito zimeguswa. Desemba 2017, katika kesi ya Francis Karioko Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema si haki kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila anayepatikana na hatia ya mauaji. Ilitaja mambo ya kuangaliwa, yakiwemo umri, kama ni kosa la kwanza, kama mtu anajuta na kama anaweza kurekebika. Mengi ya hayo hayamo kwenye faili ya polisi. Hutoka kwenye mahojiano kama haya.

Ripoti haifanyi miujiza, lakini. Hakimu halazimiki kuifuata. Na Julai 2024 Mahakama hiyo hiyo iliamua kwamba adhabu za chini zilizowekwa na Sheria ya Makosa ya Ngono zibaki, na kurejesha kifungo cha miaka 20 kilichokuwa kimepunguzwa. Hapo hata ripoti tamu namna gani haiwezi kushusha miaka chini ya ile iliyowekwa na sheria.

Sasa tuje kwa shida yenyewe. Mfumo huu unafanya kazi vizuri kwa mtu anayejulikana. Kijijini chifu anajua boma lenu, anajua hata babu yako aliitwa nani. Mtaani mambo ni tofauti. Unahama chumba kila kodi ikipanda. Chifu hajawahi kukuona. Kazi yako ni mjengo leo, kubeba mizigo kesho, na hakuna barua ya mwajiri. Afisa akiuliza, majirani wanasema "huyo simjui vizuri." Ripoti inaandikwa kwamba hana makao ya kudumu na jamii haimfahamu. Hakuna aliyesema wewe ni mbaya, ila hakimu akisoma hivyo ataona hatari ya kutoroka. Umaskini wa kupanga chumba unageuka kuwa doa kwenye tabia yako. Mwenzako aliyefanya kosa lile lile, lakini ana baba mwenye ploti na kasisi wa kumtetea, anaenda nyumbani.

Kuna mtego mwingine. Wengi hukubali mashtaka kwa sababu waliambiwa "kubali tu umalize", halafu wakifika kwa afisa wanasema hawakufanya. Afisa ataandika kwamba mshtakiwa haonyeshi majuto. Kama kweli hukufanya, wa kuambiwa ni hakimu, na umwambie mapema: anaweza kukuruhusu ubadilishe jibu lako kabla ya hukumu kutolewa.

Pia usichanganye ripoti hii na ile ya dhamana, ambayo wengi walikutana nayo kwa mara ya kwanza baada ya kukamatwa kwenye maandamano. Hiyo huandikwa kabla kesi haijasikizwa, na lengo lake ni kujua unaishi wapi na kama utarudi kortini. Hapo hujapatikana na hatia, kwa hivyo huna sababu ya kuanza kukiri chochote.

Wanaoweza kurekebisha pengo hili wako pande mbili. Idara ikubali kwamba mjini jamii si chifu pekee. Mwenyekiti wa steji ya boda boda anajua nani huamka mapema. Mama mboga anajua nani hulipa deni. Kocha wa timu ya mtaa na mweka hazina wa chama wanajua mengi kuliko afisi ya serikali. Na pale afisa alipokosa mtu wa kumhoji, aandike wazi kwamba habari hazikupatikana, asiache pengo hilo lisomeke kama ushahidi dhidi ya kijana.

Nawe ukijipata hapo, au ndugu yako, toa majina na nambari za watu wanaokujua kwa ukweli, hata kama unaona aibu. Mzazi atajua tu, afadhali ajue akiwa bado anaweza kusaidia. Usidanganye kuhusu kosa la zamani, rekodi za polisi zitaangaliwa. Ripoti hailipiwi, kwa hivyo ukiombwa chai ujue hiyo ni hongo. Na ikisomwa kortini, sikiliza. Ukisikia kosa, wewe au wakili wako inueni mkono mseme kabla hakimu hajaandika hukumu.

Kijana wa Kayole angetoa nambari moja tu ya kaka yake, huenda wiki mbili baadaye hakimu angekuwa na mengine ya kusoma.