Nataka kuwa mwandishi wa chakula, msinicheke

Wadau, kila nikiulizwa nitakuwa wapi baada ya miaka mitano, watu wanategemea niseme dawati la siasa, au kwenye luninga nikisoma habari. Mimi nataka kuandika chakula. Mhariri mmoja niliyemwambia hivyo aliniuliza: "Yaani mapishi? Si ukurasa wa akina mama huo?"

Jamani, mapishi ni sehemu tu. Chakula ni uchumi, historia na siasa. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano na mafuta ya kupikia duniani, mtaani hatukuhitaji waziri atueleze. Andazi lilijieleza lenyewe: bei ile ile, saizi ndogo. Na ugali huu tunaouita chakula cha mababu? Mahindi asili yake ni Meksiko, na muhogo ni Amerika ya Kusini. Mambo haya yanastahili kuandikwa kwa Kiswahili kila wiki, siyo siku ya sikukuu tu.

Wanaosema kazi hii haina heshima wamtazame Jonathan Gold wa Los Angeles. Alizunguka vimigahawa vya wahamiaji, akala, akaandika. Mwaka 2007, akiwa LA Weekly, alipata tuzo ya Pulitzer ya uhakiki, mhakiki wa kwanza wa migahawa kuipata. Alifariki 2018. Sasa mama ntilie wetu amekosa nini hata asiandikwe?

Mipango yangu ni hii. Kwanza, siachi habari za kawaida, maana kodi ya chumba hailipwi kwa ndoto. Pili, kila mwezi nitamwandika mpishi mmoja: wa urojo Zanzibar, wa mtori Moshi, wa makande Upareni. Ananunua wapi, anaamka saa ngapi, jioni anabakiwa na shilingi ngapi. Tatu, nitapima. Bibi zetu wanapika kwa "kiasi", na hicho kiasi wanaondoka nacho. Nitakaa nao jikoni na kikombe na mizani. Nne, kitabu. Kwa Kiswahili, na kisichomtuma mtu wa Tandika kutafuta jibini ambayo hajawahi kuiona hata dukani.

Lipo jambo moja linalonitisha. Waandishi tunaijua bahasha ya kwenye mikutano. Sahani ya bure ni bahasha yenye mchuzi. Ukishalishwa na hoteli, utawezaje kuandika kwamba wali ulikuwa mbichi? Kwa hiyo nitalipia ninachokula, hata kama itabidi niishie kwenye sahani za bei ya chini. Na huko ndiko wengi wetu tunakokula kila siku.

Haya, mtaani kwenu ni nani anapika vizuri ambaye angefaa kuandikwa kabla hajazima jiko?