Cherehani Peke Yake Si Karakana

Ni jambo la kawaida katika Visiwa vyetu kuona kikundi cha akina mama kikikabidhiwa cherehani mbele ya wageni waalikwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa, na kila mmoja akarudi kwake akiwa radhi. Hatuzilaumu sherehe hizo. Tunachouliza ni hiki: baada ya mwaka mmoja cherehani zile ziko wapi, na zinashona nini? Aghalabu jibu halifurahishi. Baadhi zimefunikwa kanga kuukuu zikingoja mkanda au bobini, na baadhi ni nzima kabisa lakini hazina kazi. Ufundi upo na mikono ipo. Kinachokosekana ni hesabu na soko.

Wapo wanaodhani kwamba kazi ya kuunga vipande vya vitambaa ili kupata mifarishi, foronya na mikoba ni mtindo wa kigeni ulioletwa kwa ajili ya watalii. Dhana hiyo haina msingi. Kanga yenyewe, kama inavyosimuliwa mwambao mzima, asili yake ni leso zilizouzwa kwa jora katika karne ya 19, zikakatwa sita sita na kushonwa pamoja, tatu juu na tatu chini, hata likapatikana vazi moja. Kadhalika kofia ya viua, ambayo kila tundu lake huzungushiwa uzi kwa sindano, ni kazi ya majuma mengi iliyo mikononi mwa wanawake wa nyumba zetu tangu zamani. Basi karakana ndogo ya ushoni haianzi na mikono mitupu. Inaanza na urithi.

Lakini urithi usiopigiwa hesabu humla mwenyewe. Tuchukue mfano wa mfarishi, yaani tandiko la kitanda lenye tabaka tatu: uso wa vipande, ujazo wa katikati na bitana ya chini. Fundi akitaka wa mita 2 kwa mita 2, wenye vipande ambavyo vikishaungwa ni vya sentimita 10 kila upande, atahitaji vipande 400. Kwa kuwa mshono hula sentimita 1 kila ukingo, hana budi avikate vya sentimita 12. Kwa hiyo uso peke yake utameza karibu mita za mraba 5.8 za kitambaa, si 4 zinazoonekana kwa macho. Akichagua vipande vya sentimita 20, vitahitajika 100 tu, na kitambaa kitashuka hadi mita za mraba 4.8. Ameokoa kitambaa, na zaidi ya hayo ameokoa siku kadhaa za kukata na kuunga.

Mambo mengine ni madogo kwa kuyataja, ila ndiyo yanayoangusha karakana. Kanga isiyofuliwa kabla ya kukatwa huweza kurudi au kutoa rangi baadaye, na mnunuzi aliyeharibikiwa na shuka zake harejei tena. Sufi yafaa kwa mto, bali ndani ya mfarishi hujikusanya vifundovifundo pindi ufuliwapo. Pamba iliyotandazwa au blanketi jepesi hustahimili zaidi.

Kisha lipo suala la bei. Tuseme, kwa mfano tu, vifaa vya mfarishi mmoja vimegharimu shilingi 60,000, kazi imechukua saa 40, na umeuzwa shilingi 100,000. Wengi watasema faida ni shilingi 40,000. Hiyo si faida, huo ni ujira, na kila saa imelipwa shilingi 1,000 kabla hatujatoa kodi ya chumba, umeme na uchakavu wa mashine. Mama anayeuza namna hii anafadhili starehe ya mgeni kwa jasho lake mwenyewe, naye hajui, kwa sababu hana daftari la kumwambia.

Tukija kwenye soko, mwaka 2024 Visiwa vyetu vilipokea watalii zaidi ya 700,000. Hao hulala juu ya vitanda, huegemea mito na hununua zawadi. Hata hivyo, atembeaye katika vichochoro vya Mji Mkongwe ataona rafu zilizojaa bidhaa zilizotoka ng'ambo na kubandikwa jina la Zanzibar. Jina ni letu, ujira ni wa wengine. Ndugu zetu wenye hoteli wasitujibu kwamba kazi za wenyeji hazina uhakika. Uhakika hujengwa na oda inayojulikana mapema na kulipwa kwa wakati.

Hilo limewahi kuthibitishwa mbali na hapa. Mwaka 1966, katika jimbo la Alabama nchini Marekani, wanawake weusi maskini walianzisha ushirika wa kushona mifarishi ulioitwa Freedom Quilting Bee. Mifarishi yao ilisifiwa sana, lakini sifa haileti mshahara wa kila juma. Mwaka 1972 ushirika huo ulipata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito, kazi nyepesi isiyo na fahari kubwa, na hiyo ndiyo iliyowapa wengi wao ujira wa kutegemewa. Funzo ni bayana: kazi ya sanaa huleta jina, na kazi ya kila siku huleta chakula. Karakana yenye busara hushika zote mbili.

Kwa hiyo tunawaelekea wakuu wa idara na mabaraza. Mashuka ya hospitali, mapazia ya maofisi na sare za wanafunzi ni ushoni pia. Zabuni zikigawanywa mafungu madogo, vikundi vyetu vitaziweza. Zikibaki furushi moja kubwa, zitachukuliwa daima na mfanyabiashara mwenye mtaji. Oda ikishatolewa, malipo yasicheleweshwe, kwani kikundi kidogo kisicholipwa miezi mitatu hakina tena cha kununulia uzi. Na kila cherehani itolewayo ifuatane na mambo matatu: mafunzo ya hesabu, fundi wa matengenezo, na oda ya kwanza.

Nao akina mama wasingoje wafadhili tu. Kila karakana iwe na daftari la saa na vifaa, vipimo visivyobadilika, na mitindo michache iliyokamilika badala ya mingi iliyolipuliwa. Mishono ikaguliwe na mtu mwingine asiye aliyeishona, kabla bidhaa haijatoka mlangoni.

Kujitegemea si neno la kupambia majukwaa. Ni mama kujua saa yake moja ina thamani gani, na ni ofisa kuiheshimu saa hiyo anapotia saini hati ya malipo. Hayo mawili yakitimia, cherehani zilizofunikwa zitafunuliwa. Yasipotimia, tutaendelea kukabidhi mashine kila mwaka, na kila mwaka tutaongeza idadi ya zile zinazokula kutu.