Hadithi za mezani zafika kwenye skrini: mwenye mali ni nani?

Mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walichapisha Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji hubeba mhusika wake, msimamizi husimulia yanayowakabili, na dadu huamua nani afaulu na nani aanguke.

Leo mchezo huo ni chemchemi ya filamu na tamthilia. Mwaka 2019, waigizaji wa sauti wa kundi la Critical Role, waliokuwa wakirusha michezo yao mtandaoni, waliwaomba mashabiki dola 750,000 za kutengeneza katuni fupi. Walichangiwa zaidi ya dola milioni 11, na Januari 2022 mfululizo wao, The Legend of Vox Machina, ukaanza kuonyeshwa na Amazon.

Penye faida, hata hivyo, hapakosi mvutano. Januari 2023 ilibainika kuwa kampuni inayomiliki mchezo huo, Wizards of the Coast, ilikusudia kubana leseni iliyowaruhusu wengine, tangu mwaka 2000, kuchapisha kazi zinazotumia kanuni zake. Wachezaji wengi walijitoa katika huduma yake ya kulipia. Kabla ya mwezi kwisha, kampuni ilirudi nyuma na kuziweka kanuni za msingi chini ya leseni huria isiyofutika.

Kampuni inaweza kumiliki jina na kitabu cha kanuni. Hadithi yenyewe huzaliwa kwa vinywa vya wengi, na bila hao walioketi mezani, studio hazina cha kuonyesha.