Mbwa Aliyekwisha Kutupwa

Mama mwenzetu, je, watoto wako wamewahi kukulilia uwaletee mbwa? Wa kwetu walilia mwaka mzima. Mwishowe sisi na baba watoto tulikubali, tukaenda kwenye makao ya wanyama waliotupwa. Hatukuchukua kitoto cha mbwa, bali jike mzima aliyekwisha kuchanjwa na kufungwa uzazi. Watoto walimwita Bahati.

Makao ya namna hii si mambo ya jana. Yale mashuhuri ya London yalianzishwa na mwanamke, Mary Tealby, mwaka wa 1860. Gazeti lilimcheka kwa kuwahurumia mbwa, lakini makao yake, yaliyohamia Battersea mwaka wa 1871, yapo hadi leo. Hapa Kenya, chama cha KSPCA kina makao yake Nairobi.

Bahati alikuwa mwoga. Mtu akishika ufagio, alijibana chini ya meza akitetemeka. Siku ya nne, kitinda mimba wetu alimvuta mkia alipokuwa akila. Akamng'ata mkononi.

Tuliosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha tukakimbilia hospitali ili daktari aamue kuhusu sindano, ingawa mbwa alikuwa na cheti cha chanjo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni vigumu mno apone. Jeraha la mbwa si la kupaka mafuta na kungoja kesho.

Usiku ule baba watoto alisema mbwa arudishwe. Tulizungumza mpaka usiku wa manane, na kadiri tulivyozungumza ndivyo tulivyoliona kosa letu. Tulimleta nyumbani mnyama mwenye hofu, tukamwacha na mtoto wa miaka minne kana kwamba ni mwanasesere. Hakuna aliyemfundisha mtoto wetu lolote.

Asubuhi baba watoto mwenyewe alimtengea Bahati mahali pa kulia nyuma ya nyumba. Tuliweka sheria: haguswi akila wala akilala, na mtoto mdogo haachwi naye peke yake.

Miezi ilipita. Juzi tulipokuwa tukifagia, Bahati aliutazama ufagio, akapiga miayo, akaendelea kulala palepale mlangoni. Ikatubidi tufagie kandokando yake.

Kwa hiyo, mama, kabla hujaenda kwenye makao, kaeni pamoja nyumbani mjiulize: Nani atampa chakula na maji kila siku? Fedha za chanjo ya kila mwaka zipo? Ua umefungwa vizuri? Nani atawafundisha watoto? Kama majibu hayajapatikana, subirini kwanza. Mbwa aliyekwisha kutupwa mara moja asije akatupwa tena kwa sababu yetu.